Kelele za Ikweta na Ukimya wa Kiswahili

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, roketi ilifyatuliwa kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa mji wa Malindi. Jukwaa hilo, liitwalo San Marco, lilikuwa la Waitaliano. Setilaiti iliyobebwa na roketi hiyo ilikuwa ya Wamarekani. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi mwenyeji, ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Hadi leo wataalamu wa falaki wa mataifa yote hulitaja jina hilo, hata wale wasiojua neno jingine lolote la Kiswahili.

Miezi kumi na mmoja baadaye, tarehe 15 Novemba 1971, setilaiti nyingine iliondoka jukwaani papo hapo. Hii iliitwa Explorer 45. Njia yake haikutengana sana na mstari wa ikweta, na ilipaa hadi kiasi cha kilomita 27,000 juu ya ardhi. Ilibeba vyombo vya kupima chembe zenye chaji ya umeme zilizonaswa katika uga wa sumaku wa dunia, pamoja na mawimbi yanayotikisa uga huo. Setilaiti hii haikupewa jina la Kiswahili, wala kazi yake haikusimuliwa kwa lugha ya watu waliouona moshi wake ukipaa kutoka ufuoni.

Basi kati ya setilaiti hizo mbili Kiswahili kiliambulia jina moja tu. Ni haki kuuliza kwa nini hakikupata zaidi. Jibu linalozoeleka ni kwamba lugha hii haina istilahi za kutosha. Makala haya yanashikilia kinyume: kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya kuisimulia sayansi ya anga za juu, bali kinakosa wasimulizi, na kwamba wasimulizi wamekosekana kwa sababu wameaminishwa kuwa ni lazima istilahi itangulie ndipo maelezo yafuate. Ithibati ya hoja hii inapatikana katika sayansi ile ile ambayo Explorer 45 ilitumwa kuitafiti, yaani mawimbi ya plazima yaliyoko katika anga ya ikweta ya sumaku. Yafaa kwanza yaelezwe.

Gesi ikipashwa joto kali, au ikipigwa na mionzi mikali ya jua, atomu zake huvunjika. Elektroni zenye chaji hasi hutengana na viini vyenye chaji chanya, na vyote viwili huelea pamoja bila kushikana. Mchanganyiko huo ndio uitwao plazima, na katika baadhi ya maandishi limependekezwa neno utegili. Sehemu kubwa ya anga inayoizunguka dunia, kuanzia kilomita mia kadhaa kwenda juu, imejaa mchanganyiko huo, ingawa ni mwepesi mno kuliko hewa yoyote ambayo mwanadamu anaweza kuivuta.

Ama kuhusu ikweta, ifahamikayo na wengi ni ile ya ramani, ipitayo Nanyuki. Ikweta ya sumaku ni nyingine. Dunia ni mfano wa sumaku kubwa, lakini mhimili wa sumaku hiyo haulingani na mhimili ambao dunia huuzungukia. Mistari ya uga wa sumaku hutoka ardhini upande wa kusini, hupinda angani kama utepe wa upinde, kisha huingia tena ardhini upande wa kaskazini. Mahali ambapo sindano ya sumaku iliyotundikwa huru hulala sawasawa, bila ncha yake yoyote kuinamia chini, ndipo ilipo ikweta ya sumaku. Katika Afrika Mashariki mstari huo haupiti Kenya. Unapita kaskazini yake, katika ardhi ya Ethiopia. Maelfu ya kilomita juu ya mstari huo ndiko kila utepe wa uga hufikia kilele chake, na ndiko nguvu ya sumaku katika utepe huo huwa hafifu kuliko mahali pengine popote.

Protoni iliyonaswa katika uga huo haina hiari ya njia. Huuzunguka mstari wa uga kama mbuzi aliyefungwa kwa kamba anavyokizunguka kigingi, na wakati huo huo huteleza kuelekea kaskazini. Ikifika mahali ambapo uga ni mkali, hurudishwa kusini. Ikifika kusini, hurudishwa kaskazini. Kila safari ni lazima ivuke ikweta ya sumaku. Katika umbali wa mara nne ya nusukipenyo cha dunia kutoka kitovuni, protoni moja huzunguka takriban mara 7 kwa kila sekunde.

Zinapotokea dhoruba za sumaku, protoni nyingi zenye nishati kubwa husukumwa kuikaribia dunia kutoka upande wa usiku. Zikiwa njiani kuizunguka dunia, baadhi hupotea upesi kuliko nyingine. Matokeo yake ni hali isiyo ya kawaida, ambapo protoni za mwendo mkubwa huwa nyingi kuliko zile za mwendo ulio chini yake kidogo. Hali kama hiyo haidumu. Nishati ya ziada huwatoka waliojaaliwa nayo, yaani protoni zenye kasi, na kugeuka kuwa mawimbi ya umeme na sumaku. Mawimbi hayo husafiri yakiikata mistari ya uga karibu kwa pembemraba, na kwa sababu hiyo hayaendi mbali kaskazini wala kusini. Hubaki katika ukanda mwembamba wa digrii chache kutoka ikweta ya sumaku, kama maji yaliyofungiwa mferejini.

Mawimbi hayo yalielezwa mara ya kwanza mwaka 1970, mwaka ule ule wa Uhuru. Watafiti watatu, Russell, Holzer na Smith, walikuwa wakichambua vipimo vya setilaiti ya OGO 3, iliyorushwa mwaka 1966. Waliona kwamba kila chombo kilipoivuka ikweta ya sumaku kipimo cha sumaku kilitikisika kwa nguvu, kisha kikatulia. Mitikisiko hiyo ilionekana kuwa mchafuko tu, isiyo na mpango wala utaratibu. Basi ikaitwa kelele: kelele za ikweta.

Ifahamike kwamba mawimbi hayo si sauti. Huko juu hakuna hewa ya kubeba sauti, na sikio la mwanadamu lisingesikia chochote. Hata hivyo marudio yake, yaani idadi ya mitikisiko katika sekunde moja, huanzia machache hadi mia kadhaa, na mengi ya marudio hayo ni ya kiwango kile ambacho sikio hukipokea kama mvumo mzito. Wataalamu wakiyapitisha mawimbi hayo kwenye kipaza sauti, mvumo husikika. Ndiyo maana lugha ya sayansi hii imejaa maneno ya sikio.

Jina la kelele lilidumu. Vipimo vya miaka ya 1970 vilianza kudokeza kwamba ndani ya mchafuko ule mlikuwa na mistari mistari, lakini picha haikuwa wazi. Ilibidi kungoja hadi Julai 2013, setilaiti nne za Cluster, za Shirika la Anga za Juu la Ulaya, zilipopita katika eneo hilo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha bila kificho kwamba zile kelele hazikuwa kelele hata kidogo. Marudio yake yalipangika katika mistari iliyoachana kwa nafasi sawa, na nafasi hiyo ilikuwa ndiyo idadi ya mizunguko ya protoni katika sekunde moja. Protoni ikizunguka mara 7, basi mistari huwa katika 14, 21, 28, na kuendelea. Mpiga udi anaifahamu kanuni hiyo. Uzi mmoja ukipigwa hautoi sauti moja. Hutoa sauti yake ya msingi pamoja na zile zilizo mara mbili, mara tatu na mara nne ya msingi huo. Kilichodhaniwa kuwa fujo kwa miaka arubaini na mitano kilikuwa mpangilio wa uzi wa udi.

Msomaji na atazame kilichotendeka hapa kwa upande wa lugha. Watafiti wa mwaka 1970 hawakuwa na istilahi ya kile walichokiona. Hawakuketi kungoja baraza liwaundie. Walichukua neno la nyumbani, neno analolitumia mama akiwakemea watoto ukumbini, wakalibandika juu ya jambo lililokuwa maelfu ya kilomita angani. Zaidi ya hayo, neno lenyewe halikuwa sahihi. Baadaye ikabainika kwamba kelele hizo zina utaratibu, na bado jina halikufutwa, wala utafiti haukukwama kwa sababu ya jina. Jambo lilielezwa kwanza. Neno likafuata maelezo, likakua pamoja nayo.

Wala huo si mfano wa pekee. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Kijerumani waliokuwa wakidukiza simu za adui walisikia katika vyombo vyao sauti iliyoanza juu na kushuka, mfano wa mtu anayepiga mluzi. Heinrich Barkhausen aliichapisha habari hiyo kwa Kijerumani mwaka 1919. Mwaka 1953 Storey, aliyekuwa Cambridge, alieleza kwamba asili yake ni radi: mawimbi ya umeme wa radi hupanda angani na kusafiri kwa kufuata mistari ya uga wa sumaku hadi upande wa pili wa dunia. Mawimbi hayo yaliitwa miluzi, na yanaitwa hivyo mpaka sasa. Mengine yanayosikika kama ndege wakilia alfajiri yalipewa jina la kwaya. Mengine yanayofanana na mvumo wa mvuke unaotoka birikani yaliitwa kwa jina la mvumo huo. Na mwaka 1969 Smith, Holzer na Russell walipoyasikia mawimbi fulani yaliyo mbali zaidi, ukingoni mwa eneo linalotawaliwa na sumaku ya dunia, waliyaita ngurumo za simba.

Ngurumo za simba! Hapa mpenzi wa Kiswahili ana haki ya kutabasamu kwa uchungu. Lugha iliyozaliwa na kulelewa katika bara la simba yaambiwa kwamba haina maneno ya kuielezea sayansi hiyo, ilhali wenye sayansi wenyewe walimwazima simba. Kiswahili kina mluzi na ubinja, kina mvumo na mrindimo, kina ngurumo na mngurumo, kina mwangwi, kishindo, mlio na ukelele. Ni lugha chache zilizojaliwa sikio kali kama hilo. Hata neno plasma, ambalo linatisha kwa ugeni wake, ni neno la Kiyunani lenye maana ya kitu kilichofinyangwa, na Irving Langmuir aliyelileta katika fizikia mwaka 1928 alikuta tayari linatumika kwa sehemu ya maji ya damu. Alilichukua lilivyo, likatumika.

Haisemwi hapa kwamba kazi ya kuunda istilahi ni bure. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka 1990, ni hazina, na walioitunga wanastahili shukrani. Lakini orodha ya istilahi ni ghala la mbegu. Mbegu zisizopandwa hazilishi mtu, hata zikihifadhiwa vizuri namna gani. Istilahi huishi pale tu inapotiwa katika sentensi, sentensi ikatiwa katika aya, na aya ikasomwa na mtu aliyetaka kujua jambo. Neno uga, kwa mfano, lina maana ya uwanja wazi mbele ya nyumba. Likitumiwa kwa sumaku mara moja katika orodha, hubaki kitendawili. Likitumiwa mara kumi katika maelezo kama yaliyotangulia, msomaji hulizoea bila kufundishwa. Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Wasomi wa Kiswahili wamekuwa wakichagua jembe kwa muda mrefu, na msimu hauwangojei.

Zipo pingamizi, na si haki kuzipuuza. Ya kwanza ni ya wale wanaouliza faida. Mawimbi yaliyo kilomita elfu ishirini juu yanamhusu nini mkulima wa Kitui au mvuvi wa Lamu? Yanamhusu kuliko anavyodhani. Setilaiti zinazorusha matangazo ya televisheni na zile zinazopiga picha za mawingu ya mvua zimewekwa juu ya ikweta, kwa urefu wa karibu kilomita 36,000, zikiambaa na ukingo wa eneo hilo hilo la mawimbi. Mawimbi hayo yana uwezo wa kuziongezea elektroni nishati hadi zifikie kiwango cha kuharibu vyombo vya setilaiti. Anayetaka kujua kwa nini setilaiti huharibika hana budi kuyafahamu. Aidha, nchi ya Kenya yenyewe imejiingiza katika uwanja huu: Shirika la Anga za Juu la Kenya liliundwa mwaka 2017, na mnamo Aprili 2023 setilaiti ya Taifa-1 ilirushwa kutoka Marekani. Kwa mara nyingine jina ni la Kiswahili. Ingekuwa aibu kama hadithi ya Uhuru ingejirudia, jina likapaa na maelezo yakabaki chini.

Pingamizi la pili ni la wale wasemao kwamba sayansi ina lugha yake, nayo ni Kiingereza, hasa katika enzi hii ya utandawazi. Hakuna anayependekeza kwamba mwanafunzi wa fizikia akitupe Kiingereza. Lakini habari ya miluzi ya angani ilianza kwa Kijerumani kabla haijaendelezwa kwa Kiingereza, na haikupoteza kitu kwa kuvuka lugha. Maarifa si mali ya lugha moja. Tena, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lugha rasmi isiyoweza kumweleza raia kilichorushwa kwa kodi yake ina urasmi wa karatasi tu.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi, nalo hutoka ndani ya nyumba ya Kiswahili yenyewe. Husemwa kwamba mwanafunzi wa fasihi akiandika juu ya protoni atapotosha, na mwanafizikia akiandika Kiswahili atakosea ngeli. Yote mawili ni kweli. Lakini dawa ya makosa hayo si kunyamaza. Ni kuketi pamoja. Katika vyuo vikuu vingi idara ya Kiswahili na idara ya fizikia hutenganishwa na mwendo wa dakika chache kwa miguu, na bado watu wake huhitimu bila kujuana. Mmoja analijua jambo, mwingine anaijua lugha, na msomaji anayewahitaji wote wawili hapati chochote.

Kwa hiyo mambo mawili yanapendekezwa, yote madogo na yote yakiwezekana bila kungoja fedha kutoka kokote. La kwanza, kila tasnifu ya uzamili katika vitivo vya sayansi iambatane na ikisiri ya Kiswahili ya ukurasa mmoja, iliyoandikwa na mtafiti mwenyewe na kupitiwa na mwanafunzi wa Kiswahili. Ukurasa mmoja si mzigo. Tasnifu mia moja zitazaa kurasa mia moja za nathari ya kisayansi, na ndani yake maneno yatapimwa kwa matumizi: yafaayo yatabaki, yasiyofaa yatajifia yenyewe. La pili, majarida ya vyama vya Kiswahili vyuoni, ambayo hujaa uhakiki wa riwaya na mashairi, yatenge nafasi katika kila toleo kwa makala moja ya sayansi iliyoandikwa kwa ushirikiano wa namna hiyo. Uhakiki hautapungukiwa kitu. Mhakiki aliyezoea kufuatilia mshikamano wa hoja katika riwaya ana ujuzi ule ule unaohitajika kumfikisha msomaji kutoka protoni moja hadi kwenye wimbi.

Watakaoanza watakosea. Watachagua maneno ambayo miaka arubaini na mitano baadaye yataonekana hayakustahili. Hilo lisiwaogofye, kwa kuwa waliotangulia walikosea vivyo hivyo, wakauita utaratibu kelele, na sayansi ikaendelea kwa sababu walikuwa wamekwisha kusema walichokiona. Jukwaa la San Marco lilirusha setilaiti tisa kati ya mwaka 1967 na 1988, kisha likanyamaza. Mawimbi juu ya ikweta hayajanyamaza, na lugha iliyoipa jina setilaiti ya kwanza ya eksirei haina sababu ya kuwa bubu mbele yake.